Tulivyorudi kutoka Shabunda Bila Maman Espérance

Tangu nirudi, kila anayeniletea cherehani anakaa kwenye benchi langu muda mrefu kuliko kazi yenyewe inavyohitaji. Anauliza hali ya baba, anasifu chai, anakohoa kidogo, halafu anafika pale alipotaka kufika: "Na Maman Espérance?" Nimejibu mara nyingi mpaka nimechoka na sauti yangu. Wengine hamkuuliza. Mmeamua wenyewe yaliyotokea, na nimesikia mlivyoamua: kwamba dada yangu amekimbia na mali za watu, au kwamba mimi nilimtupa porini nikaokoa nafsi yangu. Kwa hiyo naandika mara moja kwa wote, wa Mururu na wa soko la Kamembe. Habari za tiketi na karatasi nitaziruka, maana kila mmoja wenu ana zake na zinafanana.

Kwa asiyetujua: mimi ni Déo, fundi wa kutengeneza cherehani. Espérance ni dada yangu mkubwa, mfanyabiashara wa vitenge. Baba yetu, Mzee Bernard, ni mtu wa hapa kwetu Nkungu aliyeondoka kijana kwenda kutafuta kazi migodini ng'ambo, akaishia Shabunda, katikati ya msitu wa Kivu Kusini. Huko ndiko tulikozaliwa. Sisi watoto tulirudi Rwanda, mama akarudi na kufia hapa, baba akakataa. Alisema nyumba yake iko kule na nyumba haipandi gari.

Mzee alikuwa na ngiri ya siku nyingi, ile inayotoka ikasukumwa ikarudi. Mwaka huu ilianza kugoma kurudi. Muuguzi wa huko akatupigia simu na kusema bila kuzunguka kwamba siku ikinasa kabisa utumbo utaoza, na baba atakuwa na siku moja au mbili za kuishi. Kule daktari wa kupasua alikuwa amehama. Hapa Rusizi hospitali ilikubali kumpokea. Barabara ya Shabunda wakati wa mvua mnaijua kwa sifa zake, malori yanalala matopeni mpaka madereva wanaoa huko huko. Ilibaki ndege.

Ng'ambo ya mto

Tulivuka daraja kwa miguu asubuhi, mimi na begi langu, dada na mkoba mtupu. Mnaomjua mnajua kwamba Espérance huvuka kwenda Bukavu akiwa mwembamba na hurudi Kamembe akiwa mnene. Anajifunga vitenge chini ya gauni, kimoja juu ya kingine, sita, saba, kisha anapita douane, pale forodhani, kwa mwendo wa mama mjamzito na uso wa mtu anayesali. Wale wa douane wanamjua. Siku nyingine wanamfungua, siku nyingine wanamwonea huruma. Simcheki. Mama yetu alifanya hivyo hivyo, na mimi nilisoma kwa vitenge vilivyovuka mto vikiwa kiunoni mwake.

Bukavu tulikaa siku kadhaa kwa binamu yetu kule Kadutu, tukisubiri kuambiwa ndege inaondoka lini. Kila asubuhi tulipiga simu na kila asubuhi tuliambiwa kesho. Tulikula sambaza, vile visamaki vya ziwani, mpaka nikaanza kuziota. Espérance hakusumbuka. Alizunguka madukani akachagua vitenge, kwa sababu Shabunda kitenge kizuri kinagombaniwa, na yeye hajawahi kwenda mahali mikono mitupu, hata msibani.

"Tunaenda kutwaa mzee," nilimwambia, "hatuendi soko."

"Mzee atakula nini njiani?" alijibu. "Na docteur wa Kamembe atamupasula na maombi? Niache nitumike kazi yangu."

Kavumu

Uwanja wa Kavumu una majengo na sare kama viwanja vingine, lakini sisi wa ndege ndogo tulikaa pembeni, kwenye kibanda cha mabati, pamoja na mizigo. Ndege yetu ilikuwa na injini moja mbele na viti tisa, vingine vimeng'olewa ili kuweka magunia. Rubani alikuwa mtu wa makamo wa hapo hapo Bukavu. Wote walimwita Commandant, na mimi sikuwahi kujua jina lake jingine. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anakula bugari, ugali wa huko, na samaki, anaangalia milima ya upande wa magharibi ambako wingu lilikuwa limelala bila dalili ya kuamka.

Kabla ya kupanda, kila abiria alipimwa juu ya mizani ile ya kupimia magunia ya maharage, yeye na kifurushi chake. Espérance alipanda na mkoba mdogo, akatangaza kwa sauti kwamba amefunga kula wiki nzima, watu wakacheka. Kisha aliomba kwenda chooni. Choo kilikuwa upande wa pili wa mizani, karibu na uzio wa waya. Binamu yetu alikuwa amesimama nje ya uzio na bunda la vitenge. Dada alitoka huko chooni amekuwa mnene kama anavyovuka daraja.

Sikushangaa sana. Kilichonishangaza ni foleni ya choo. Maman Chantal, mfanyabiashara wa Bukavu ambaye mtamsikia tena, aliingia mwembamba akatoka na makalio mapya. Mzee mmoja mwenye koti aliingia na mifuko mitupu akatoka anatembea kama amemeza mawe. Kwao mizani ile ilikuwa douane tu, ya namna nyingine, na douane mtu anaizunguka. Hakuna aliyefikiri kwamba uzito unapimwa kwa sababu ya uzito wenyewe. Na mimi fundi, ninayejua kwamba sindano nyembamba haishoni turubai, nilifikiri hivyo hivyo. Nilimsaidia kufunga mkanda wa kiti kwa sababu haukumfikia vizuri.

Juu ya msitu, lakini si juu sana

Ndege ilikimbia, ikakimbia, ikaendelea kukimbia. Iliponyanyuka nilikuwa nimeanza kuona mwisho wa lami. Hatukupanda kama nilivyoona ndege za Kigali zikipanda kutoka Kamembe. Tulijikokota. Wingu lilikuwa juu yetu, milima ilikuwa mbele yetu, na Commandant akapita katikati, bondeni, ambapo nafasi ilikuwepo.

Abiria walifurahi. Hili sharti niliseme, kwa sababu ndilo lililonikaa kichwani baadaye. Tulipita chini kiasi kwamba tuliona majani ya migomba, nguo zilizoanikwa, mama mmoja aliyeinua jembe kutusalimia. Maman Chantal alipiga makofi. Espérance alinigonga na kiwiko.

"Hapa ni bien," alisema. "Tukianguka, haiko mbali."

Niliona ana akili. Mtu akianguka toka kitandani na mtu akianguka toka darini si sawa. Kwa hiyo nilitulia nikaangalia msitu ukija. Baada ya Kahuzi hakuna tena nyumba, ni miti tu, na miti ile ilikuwa karibu kuliko nilivyopenda. Mara mbili ndege ilishuka ghafla. Mara moja kundi la ndege weupe lilipasuka chini yetu na Commandant akainamisha bawa. Shingo yake kwa nyuma ilikuwa imelowa jasho. Niliona hilo, nikadhani ni joto.

Shabunda tulitua kwenye uwanja wa udongo mwekundu wenye maji. Watu waliposhuka wakikumbatiwa, Commandant alibaki ameshika mlango. Nikamsifu, nikamwambia kwamba ameendesha vizuri, karibu na ardhi, bila kututisha. Akaniangalia kama naumwa.

"Papa," alisema, "batu bote banafikiri chini ni salama. Iko kinyume. Kule juu, moteur ikizima, niko na dakika za kutafuta fasi ya kutua. Chini niko na pumzi moja. Upepo ya mulima ikitusukuma, tutashuka wapi? Tuko tayari juu ya miti. Bonde ikifunga mbele, siwezi geuka, mabawa haitoshi." Alifuta shingo. "Nilikuwa chini sababu ndege ilikataa kupanda. Kikaratasi kilisema kilo hii. Mikono yangu ilisema kilo ingine."

Nilimtazama dada yangu, ambaye alikuwa tayari amezungukwa na wanawake, anajifungua kitenge cha kwanza mbele ya umati. Nilimwambia Commandant pole. Sikumwambia jingine.

Nyumbani kwa mzee

Kosa la kwanza la Shabunda lilikuwa kufika wawili. Mtoto mmoja akija kwa ndege, amekuja kusalimu. Watoto wawili wakija pamoja, tena kwa ndege, mzazi anakufa. Habari ilitutangulia kutoka uwanjani, na kabla hatujafika baba alikuwa ameshaanza kugawa vitu. Tulimkuta amekaa juu ya kigogo nje ya nyumba. Kitanda chake kilikuwa kinaondoka mabegani mwa majirani wawili ambao walitusalimu kwa heshima na kuendelea na safari yao. Mama mmoja alileta kuku wa matanga, akiwa hai. Baba aliwaambia watu kwa utulivu: "Banangu bamefika. Sasa iko sawa."

Ilituchukua siku nzima kumweleza kwamba hafi, anapasuliwa tu. Alisikiliza, akauliza kama atarudi. Espérance akasema atarudi. Kitanda hakikurudi, kwa sababu si adabu kudai kitu kilichotolewa kwa ajili ya kifo, hata kifo kisipokuja. Kuku tulimla.

Ndege ilikuwa irudi baada ya siku mbili. Mvua ikaamua tofauti. Tulikaa tukila ndizi za kupondwa na mawese, na jirani mmoja alinikaribisha funza wa mchikichi waliokaangwa kwa chumvi. Nilikula mmoja kwa heshima na wengine kwa hiari. Espérance aliuza vitenge vyote, akanunua vitu ambavyo hakunionyesha. Jioni alimsugua baba miguu na kumwimbia nyimbo za kanisani za zamani, na baba alicheka kwa sababu dada haimbi vizuri. Siku zile zilikuwa nzuri. Nimeona niziandike kwa sababu ninazikumbuka zaidi kuliko nilivyotegemea.

Kisha asubuhi moja ngiri ilitoka na haikurudi. Muuguzi alijaribu kwa mikono, baba akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake. Tumbo likaanza kuwa gumu, akatapika. Muuguzi alituita nje akasema maneno aliyokuwa ametuambia kwenye simu, lakini safari hii alisema leo. Na siku hiyo hiyo, kwa bahati ambayo mimi naiita ya Mungu, tulisikia injini.

Kuondoka mara ya kwanza

Tulimlaza baba juu ya godoro nyuma ya viti, miguu kati ya madumu ya mawese. Abiria walikuwa karibu wale wale wa kuja, wanarudi na walichopata. Mizani hapo ilikuwa ya dukani, ya kuning'iniza, kwa hiyo watu hawakupimwa, waliulizwa. Commandant aliuliza kila mmoja kilo zake na kila mmoja alijibu kama mtu anayeulizwa umri. Dada yangu alijipunguzia theluthi nzima ya mwili. Commandant alimwangalia toka juu mpaka chini, akaandika, akamwangalia baba aliyekuwa anagumia kwa maumivu, akafunga mlango. Nadhani angebishana kama baba asingekuwepo.

Tulipita juu ya michikichi ya mwisho wa uwanja karibu sana, nikasikia kitu kinakwaruza chini. Halafu tulifuata mto Ulindi kwa sababu wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye vilele, na penye mto tu ndipo palipokuwa na uwazi. Juu yetu kijivu, chini yetu maji ya kahawia, pande zote mbili miti. Hapa hakuna aliyepiga makofi. Injini ililia kwa sauti moja ndefu na ndege haikupanda hata kidogo. Niliona matawi yakipita usawa wa dirisha langu. Sikuyaona kwa chini. Yalikuwa usawa wa macho yangu.

Mbele bonde lilikuwa linabanana. Commandant alipaza sauti bila kugeuza kichwa.

"Nani amebeba kintu haikuandikwa?"

Maman Chantal alishika rozari. Dada yangu aliangalia magoti yake.

Aligeuza ndege pale penye upana wa mwisho. Bawa la upande wangu lilielekea chini moja kwa moja mpaka niliweza kuona povu la mto kwenye jiwe, na kengele ikaanza kulia mbele karibu na usukani. Niliogopa mpaka nikaacha kuogopa, nikabaki naangalia lile povu. Nilikuwa nimemshika baba kifundo cha mguu. Kisha upeo ukanyooka na tukarudi tulikotoka, chini chini, mpaka udongo mwekundu ukatupokea kwa kishindo.

Rundo

Commandant alishuka, akatembea mpaka kwenye miti, akakaa huko. Tulidhani anatapika. Aliporudi alikuwa anakula ndizi. Hakutukana mtu, na nilitamani atukane.

"Wingu itafunguka kidogo kabla ya mangaribi," alisema. "Haitakaa. Nitajaribu mara moja. Ule mzee, tukilala hapa, kesho atakuwa maiti, infirmier wa hapa amesema. Na mimi sina bibi tu wa kunililia, niko na batoto pia." Alitupa ganda. "Kwenye douane, ukificha, Leta, ile serikali, inapoteza. Hapa ukificha, Leta haipotezi kintu. Ni weye unapoteza. Sasa nitageuka, nitaangalia pori. Kila muntu aweke chini ile hakusema. Sitauliza ni ya nani."

Na kweli akageuka. Sijui kama mmewahi kuona mtu wa mamlaka akiwageuzia mgongo mama zetu wa mpakani kwa makusudi. Hawakujua la kufanya. Walizoea kufunguliwa kwa nguvu, na hapo wangebishana, wangelia, wangetaja watoto. Mgongo ule uliwashinda.

Wa kwanza alikuwa Maman Chantal. Aliingiza mikono chini ya nguo akafungua mkanda wa kitambaa, mzito kiasi kwamba ulipodondoka ulizama kwenye tope. Ndani yake yalikuwa mawe meusi ya migodini, yale ambayo konzi moja tu inalemea mkono. Alikuwa analia kimya, kwa sababu mkanda ule ulikuwa biashara yake yote ya mwaka. Kisha akafuata yule mzee wa koti, akatoa mifuko kwenye bitana. Kisha wengine. Espérance alijifungua mikanda mitatu. Rundo halikuwa kubwa, lingeingia kwenye beseni mbili za kufulia. Mimi na mwanaume mwingine tulijaribu kulisogeza kwa turubai tukashindwa.

Madumu ya mawese nayo yakashuka, na sisi tukarudi kwenye viti. Commandant alizunguka ndege, akakanyaga tope la uwanja kwa kisigino, akatikisa kichwa.

"Bado. Piste imejaa maji. Muntu mumoja abakie."

Kila mmoja alikuwa na sababu ya kutobaki, na sababu zote zilikuwa za kweli. Nilianza kufungua mkanda wangu wa kiti. Dada yangu alinishika mkono.

"Kaa. Kule Kavumu nani atamubeba baba? Mimi? Kwa daraja nani atamubeba?"

"Tutaomba watu."

"Kuomba batu gani. Haba batu bameacha mali yabo chini sababu ya baba yetu. Nitabaambia sasa bashuke bao pia?" Alisema hivyo kwa sauti ya chini, lakini ndani ya ndege ile kila kitu kilisikika. "Na ile rundo nani atailinda? Ukiiacha hapa, kabla ya ndege kupotea machoni iko imekwisha. Mimi ninabajua bote, ninajua mukanda ya nani ni gani. Tena Déo, tusidanganyane, ukinishusha mimi umeshusha babili."

Watu wakacheka, kicheko kidogo, cha aibu. Commandant alisema: "Maman, kweli?" Akajibu kweli. Aliinama akamgusa baba shavu. Baba alikuwa amefumba macho, midomo mikavu, anapumua haraka. Dada akasema: "Baba, ninakuya nyuma." Hakujibiwa. Akashuka kwa kinyumenyume, ameshika mlango kwa mikono miwili, na alipoweka mguu wa pili ardhini ndege nzima iliinuka kidogo kwenye magurudumu yake. Tulihisi sote.

Ndege ilipopita mbele ya rundo kwenda kuchukua nafasi ya kukimbilia, nilimwona amekaa juu ya turubai, miguu mbele, anajipepea na kiatu.

Tulinyanyuka mapema, mbali na michikichi. Tulipanda. Tulipita kwenye tundu la wingu, tukatokea kwenye jua, na mlima uliotukatalia asubuhi ulikuwa chini yetu. Nilifurahi sana. Baadaye kidogo niliona haya ya kufurahi, lakini furaha ilikuja kwanza.

Kamembe

Maman Chantal ndiye aliyetafuta gari Kavumu, akapigana na dereva, akaketi na kichwa cha baba mapajani mpaka darajani. Mikono ya watu ilimvusha. Alipasuliwa usiku huo huo. Daktari alikata kipande cha utumbo kilichokwisha kufa, akasema kwamba kesho yake kusingekuwa na kazi ya kufanya.

Sasa kuhusu yale mliyoamua wenyewe. Mvua ilikata ule uwanja katikati na kwa wiki nyingi hakuna kilichotua. Ndege nyingine ilipofika, Espérance alipakia mikanda yote, kila mmoja na fundo la kitambaa cha rangi yake, na wenyewe wamepokea. Muulizeni Maman Chantal. Nafasi ya mtu ilikuwepo. Hakupanda. Siku zile alikuwa amekaa karibu na uwanja akiziona ndege zikija chini chini na kurudi bila kutua, na anasema sasa anajua kuangalia iliyozidiwa mzigo. Ameniambia kwenye simu: "Ile inapita chini, mimi hapana panda tena. Nitakuya na miguu wakati ya jua." Nimemweleza juu ya wenye bunduki wa njia ile. Amesema anawajua, na yeye amezoea vizuizi. Siwezi kulala vizuri kwa ajili ya njia hiyo, na sina la kufanya. Anakaa katika nyumba ya baba. Wamemrudishia kitanda.

Baba anatembea mpaka kwenye kona. Kwa muda mrefu hakuuliza habari za dada, nami nilikuwa nimejiandaa. Juma lililopita nilimnyoa ndevu uani, akauliza: "Espérance eko wapi?"

Nilimwambia alibaki kuuza vitenge vilivyosalia, kwamba wakati ule yeye alikuwa hajitambui, amelala.

Aliondoa mkono wangu wenye wembe.

"Sikukuwa nimelala," alisema. "Nilisikia yote. Nilisikia Commandant anasema muntu mumoja. Nilisikia mutoto anashuka." Aliangalia wembe mkononi mwangu. "Nilifunga macho kwa kusudi. Kama ningefungua, ningepashwa kusema hapana, mimi ndio nishuke, mimi nimezeeka, ile ni nyumba yangu. Baba yeyote angesema vile. Basi nilifunga."

Sabuni ilikuwa inamkaukia shavuni.

"Nilitaka kupona, Déo. Ni ile tu."

Nilimaliza kumnyoa. Baadaye aliniona nimeketi kuandika haya, akauliza ni nini, nikamweleza kwamba ni kwa ajili yenu mnaouliza. Akasema basi na lile niliandike, kama alivyolisema. Nilimwambia si lazima, hakuna anayelijua.

"Andika," alisema. "Ule mutoto anakuya na miguu. Asifike hapa akute banamwambia baba yake alikuwa amelala."